"Shule Ile Ina Walimu?"

Mwaka 1925, Waingereza walipofungua shule ya serikali Tabora, hakuna mzazi aliyeulizwa anaionaje. Ilikuwa shule ya watoto wa machifu, na chifu hakuomba nafasi, alidaiwa mtoto. Wazee wa sehemu nyingi za nchi hii wana kisa cha chifu aliyemficha mrithi wake akampeleka mtoto wa mpwa au wa mtumishi, akiamini kwamba Mzungu amerudisha utumwa kwa mlango wa nyuma. Baadaye wale waliofichwa wakawaona wale waliopelekwa wakirudi na suruali za kaki na kazi za ukarani. Hapo ndipo tamaa ilipoanza. Mwaka 1937, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki alipotoka shule ya Mwisenge kwenda Tabora, nafasi za shule ile zilikuwa zinagombaniwa kwa mtihani. Kijana huyo ni Julius Nyerere.

Mimi nilifundisha jiografia katika sekondari za serikali, Dar es Salaam na kisha Morogoro, mpaka nikastaafu. Sokoni, msibani, hata nje ya kanisa baada ya ibada, ninaloulizwa si la mito wala milima. Ni hili: "Mwalimu, kati ya ile na ile, nimpeleke wapi mtoto?" Wanaouliza hudhani swali hilo limeletwa na shule za siku hizi. Ni la zamani. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kuchagua, na kwa muda mrefu mwenye ruhusa hakuwa mzazi.

Zama za baba yangu, pale Machame, Kilimanjaro, hapakuwa na la kulinganisha. Alisoma shule ya misheni ya Kilutheri mpaka darasa la nne, akakutana na mtihani, safari ikaishia hapo. Sekondari zilikuwa chache na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Wakatoliki walikuwa na Pugu, Waanglikana Minaki, Walutheri Ilboru. Mlutheri wa mlimani hakukaa kupima kama Ilboru ni bora kuliko Pugu. Alipima kati ya Ilboru na kurudi shambani. Mijini mpaka ulikuwa wa rangi. Shule tunayoijua leo kama Tambaza ilikuwa ya Aga Khan, na Azania ilikuwa ya Wahindi. Mzazi Mwafrika wa Kariakoo alizipita kila siku akiwa na baiskeli yake, akaona madirisha ya vioo na viwanja vya kriketi, akaenda zake. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, sekondari zote zilikuwa na wanafunzi wasiofika 12,000.

Serikali mpya ikaondoa ubaguzi wa rangi shuleni, ikaondoa ada ya sekondari, na kufikia mwaka 1970 shule za misheni na za jumuiya zilikuwa zimetaifishwa. Marian College ya masista ikawa Kilakala. Kuanzia hapo mtoto hakupelekwa shule, alipangiwa. Na alipangiwa mbali kwa makusudi, ili Mchaga akalale bweni moja na Mmakonde na Mhaya. Mimi nilipangiwa Tabora. Nilipewa waranti ya treni, nikapanda Moshi na sanduku la bati na blanketi, nikazunguka kwa njia ya Ruvu hadi reli ya kati. Siasa ile ilifanya kazi yake, nami siionei haya: marafiki zangu wa leo ni wa makabila ambayo baba yangu hakuwahi kuyaona.

Likizo ya kwanza baba hakuniuliza nimekuwa wa ngapi. Aliniuliza mawili tu: mnakula nini, na shule ile ina walimu? Nikamwambia mwalimu wa hisabati yupo, wa kemia ameitwa jeshini. Akaguna. Kesho yake kwenye mnada wa Kalali nilimsikia akiwaeleza wenzake wenye watoto Moshi Ufundi na Ifunda, na kila mmoja akatoa taarifa ya shule yake, mwalimu kwa mwalimu, ugali kwa ugali. Shule za ufundi ziliheshimika sana kwenye vikao vile, kwa sababu mtoto alirudi na randa na nyundo akatengeneza mlango, na mlango kila mtu anauona. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uwezo wa kumhamisha mtoto. Walikuwa wanalinganisha tu, na walikuwa na taarifa nzuri kuliko wazazi wengi wa leo.

Halafu ikaja mgao. Ili mikoa iliyoachwa nyuma na wamisheni nayo ipate, nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kimkoa na kiwilaya. Ilikuwa haki, na iliuma. Mtoto wa Kilimanjaro aliachwa kwa alama ambazo kwingine zingempa nafasi. Dada yangu alimhamishia mwanawe kwa mjomba Singida akiwa darasa la sita, akamalizia huko, akachaguliwa. Hakuwa peke yake. Kuna miaka ambapo ukiita majina ya Kichaga katika darasa la saba la mkoa wa mbali, unapata mikono mingi kuliko unavyotarajia.

Asiyekuwa na mjomba alijenga. Miaka ya 1980 mwanzoni, katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba, waliopata nafasi sekondari ya serikali hawakufika 5. Kahawa ilikuwa bado ina bei, makanisa yalikuwa na viwanja, Jumuiya ya Wazazi ya CCM ilikuwa na jina. Shule zikaota mlimani, zikaota Bukoba, zikaota Njombe ambako wananchi wa wilaya walianzisha mfuko wao. Kabla ya muongo ule kwisha, sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimezidi za serikali kwa idadi. Lakini kwa heshima bado. Mtoto wa shule binafsi aliitwa aliyefeli ambaye baba yake ana hela, na mkwe aliulizwa kwa sauti ya chini, "Alichaguliwa, au alilipiwa?" Leo kipimo hicho kimegeuka chini juu. Ukimpeleka mtoto shule ya serikali, majirani wanasema anasoma Saint Kayumba.

Kugeuka kwake kulianza na jambo jema. Mwaka 2004 serikali ilianza mpango wa kupanua sekondari, ada ya kutwa, ambayo ilikuwa imerudishwa, ikashushwa kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000 kwa mwaka, na alipokuja Lowassa kuwa waziri mkuu mwishoni mwa 2005, kila kata ikahimizwa kujenga yake. Watu walichangishwa matofali, mchanga, fedha, na aliyekaidi alifuatwa na mgambo. Katika miaka mitano sekondari ziliongezeka kutoka kama 1,300 hadi zaidi ya 4,000. Nasema jambo jema na ninalishikilia, kwa kuwa nimefundisha mabinti ambao bila shule ya kata wangekuwa wameolewa wakiwa na miaka kumi na mitano.

Ila majengo yalitangulia walimu. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache, wakapewa leseni, wakapelekwa darasani. Watu wakawaita walimu wa voda fasta, kwa jina la vocha za simu za wakati huo. Nilifanya kazi na kadhaa. Wawili walikuwa walimu wa kuzaliwa. Wengine walikuwa watoto wanaowaogopa watoto. Maabara ilikuwa chumba chenye meza na ndoo ya maji. Maktaba ilikuwa kabati la mkuu wa shule, limefungwa kufuli.

Februari 2013 deni lile lilidaiwa. Waziri wa Elimu Shukuru Kawambwa alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2012: kati ya watahiniwa wasiofika 400,000, zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Siku ile sikutoka nje. Wazazi walikuja mpaka barazani kwangu, hawakuwa na hasira, walikuwa wanauliza kama wamesikia vizuri. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, ufaulu ukapanda. Mwaka huohuo shule zikaanza kupangwa kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Baadaye divisheni zikaondolewa ikaletwa GPA, na mwaka 2016 Waziri Ndalichako akazirudisha divisheni. Katika miaka mitatu mzazi alibadilishiwa mizani mara tatu, na mwalimu wa hisabati bado hajaletwa.

Kipimo kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa orodha ya Baraza la Mitihani: shule kumi bora na shule kumi za mwisho. Magazeti yaliichapa ukurasa wa mbele. Juu, majina ya shule binafsi na za seminari, na za serikali zilizobaki zilikuwa zilezile za vipaji maalumu, Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Tabora, Kilakala, Msalato. Chini, mara nyingi, shule za kutwa za Pwani, Kusini na Zanzibar. Sina ugomvi na Kibaha. Lakini ukiwakusanya watoto walioongoza wilaya zao, ukawaweka bweni moja, wakapata divisheni wani, umepima nini? Na zipo shule zilizojifunza mapema kwamba njia rahisi ya kupanda ni kumwondoa mtoto dhaifu kabla hajafika kidato cha nne: kumkaririsha, kumtaka mzazi "atafute shule nyingine", au kumsajili afanye mtihani kituo kingine. Mvuvi anayerudisha dagaa majini naye anaweza kujisifu kwa ukubwa wa samaki wake. Binti wa ndugu yangu aliondolewa hivyo kwenye shule moja ya bei kubwa, akamalizia shule ya kata, akapata divisheni ya pili. Ile ya kwanza iliingia kwenye kumi bora mwaka ule.

Kwa hiyo Januari 2023, Baraza lilipotangaza kwamba haliorodheshi tena shule bora wala wanafunzi bora, kwa hoja kwamba orodha ile imekuwa tangazo la biashara la shule chache, nilikubaliana nalo. Kenya nao walizuia upangaji wa shule kwa matokeo mwaka 2014. Lakini wazazi hawakuacha kulinganisha, na waliodhani wataacha hawawajui wazazi. Matokeo ya kila shule bado yapo wazi kwenye tovuti ya Baraza, divisheni wani mpaka ziro. Mama mmoja anayeuza mboga soko la Chifu Kingalu hapa Morogoro alinionyesha daftari lake: shule nne za kata za hapa mjini, kila moja na mstari wake, miaka mitatu mfululizo, amehesabu kwa msaada wa mwanawe. Pembeni ameandika mambo ambayo tovuti haina. Maji yapo au hayapo. Chakula cha mchana kinalipiwa kiasi gani. Njia ya kurudi nyumbani ina vijiwe vingapi vya bodaboda, kwani ana mabinti. Na ya mwisho kwa kalamu nyekundu: walimu wa hisabati, idadi.

Nikasema moyoni, baba angekaa naye.

Kalamu nyekundu ile ina sababu. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2021 na 2022, waliofaulu hisabati nchi nzima walikuwa kama mmoja kati ya watano. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 hata cha tano na cha sita, kwa hiyo kinachotofautisha shule mbili za kata zilizo mtaa mmoja si fedha tena. Ni nani anaingia darasani. Nimeona shule yenye ukuta mpya na geti la chuma ikiwa na mwalimu mmoja wa hisabati kwa mikondo minane, na jirani yake yenye mabati ya kutu ikiwa na watatu. Mzazi anayepita barabarani atachagua geti.

Tena kuchagua kwenyewe bado ni nusu. Kwa kawaida mtoto hupangiwa sekondari ya karibu na shule ya msingi aliyomalizia, na uhamisho unataka barua, nafasi na uvumilivu. Ndiyo maana wajanja wanahama darasa la sita, kama dada yangu alivyofanya enzi za mgao, ila sasa wanavuka mtaa badala ya kuvuka mikoa. Asiyeweza kuhama anabaki na shule aliyopewa, na huyo ndiye mzazi ninayemwandikia.

Januari ukienda kumwandikisha mtoto, usiombe kuonyeshwa makombe yaliyoko ofisini. Mwombe mkuu wa shule tarakimu tatu: walioingia kidato cha kwanza miaka minne iliyopita, waliokaa mtihani wa kidato cha nne mwaka jana, na walimu wa hisabati alionao leo. Za kwanza mbili zikipishana sana, uliza waliopungua wako wapi. Anazo zote kwenye faili. Akisita, mwandikie mwenyekiti wa bodi ya shule, na uwaambie wazazi wenzako nao waandike.