Mganda wa Mississippi

Mwaka 1982 watazamaji wa mieleka wa Memphis, jimbo la Tennessee, walianza kuonyeshwa kwenye televisheni jitu jeusi likitokea vichakani katikati ya moshi. Lilikuwa pekupeku, limepakwa rangi usoni, lina nyota kifuani na mwezi tumboni, limejifunga kitambaa cha madoa ya chui, na mkononi limeshika mkuki. Waliambiwa kwamba jina lake ni Kamala, kwamba limetoka misitu ya Uganda, linakula nyama za watu, na zamani lilikuwa likimlinda Idi Amin.

Msitu wenyewe ulikuwa shamba la promota Jerry Jarrett, hukohuko Tennessee. Moshi ulikuwa wa barafu kavu. Na jitu lenyewe lilikuwa James Harris, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa tarehe 28 Mei 1950 huko Senatobia, Mississippi, mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka Memphis.

Utauliza: mtu wa Sumbawanga na mieleka ya Memphis wapi na wapi? Hebu subiri. Sisi wa huku Ufipa tunajua kidogo habari ya kuvalishwa sura. Fika Dar es Salaam, sema umetoka Sumbawanga. Mwenzako atacheka kwanza, kisha atauliza habari za radi: eti ni kweli mnazituma? Hatauliza habari za mahindi, ingawa huenda ugali aliokula mchana umetoka kwetu. Hata jina la mji, ambalo wazee hulieleza kwa Kifipa kuwa ni amri ya kuutupa uchawi, kwake linageuka ushahidi kwamba uchawi upo. Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za Kamala sikumwona kama kituko cha Wamarekani. Nilimwona kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa jambo lilelile: sisi tunavalishwa bure, yeye alilipwa kuvaa.

Harris alitoka kwenye familia ya wakulima wa kugawana mavuno, yaani watu wanaolima ardhi ya mwingine, mazao yakagawanywa, na mwenye shamba ndiye anayeshika kalamu. Baba yake aliuawa katika ugomvi wa kamari ya dadu mtoto akiwa bado mdogo. Shule hakuimaliza. Alichuma matunda Florida, akaendesha malori, akafika Michigan, na huko akakutana na Bobo Brazil, mmoja wa Weusi waliofungua milango ya mieleka ya kulipwa Marekani enzi ambazo mzungu na mweusi hawakupambanishwa hovyo. Mwaka 1978 Harris akapanda ulingoni.

Kwanza aliitwa Sugar Bear Harris. Alipokwenda Uingereza akaitwa Mississippi Mauler. Angalia hapo: alikuwa na jina la ukoo, alikuwa na kwao, na alikuwa anazungumza. Hela ndiyo haikuwepo. Akavunjika kifundo cha mguu, akarudi nyumbani kuuguza, na akiwa huko akakutana na Jerry Lawler, nyota wa mieleka ya Memphis ambaye pia ni mchoraji. Lawler ndiye aliyebuni zile rangi za mwilini, akiongozwa na michoro ya Frank Frazetta, Mmarekani aliyejulikana kwa kuchora mashujaa wa kubuni na mazimwi. Kwa maneno mengine, uso wa "Uganda" uliokuja kutisha watoto wa Marekani ulitoka kwenye picha za hadithi za Marekani. Uganda haikuchangia hata tone la rangi.

Sasa kwa nini Uganda, isiwe Ghana wala Zambia? Jibu tunalijua kuliko Wamarekani wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wakaingia Kagera. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni wakaingia Kampala, na Amin akakimbilia Libya. Miaka mitatu tu baadaye, Memphis inatangaza mlinzi wake. Jina la nduli lilikuwa bado la moto kwenye magazeti ya dunia, na promota anayetafuta mtu wa kutisha hahitaji kujua kitu kingine chochote kuhusu nchi.

Na Amin mwenyewe alikuwa mtu wa ulingoni. Katika miaka ya 1950, akiwa askari wa KAR, alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda. Vita vilipoanza alitangaza kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi kwa ndondi, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Watu wa nje wakacheka. Huku kwetu vijana walikuwa wanapanda malori kwenda mbele, na Kagera watu walikuwa wameshazikwa. Hapo ndipo mzaha huu unapoanza kuuma: kilichokuwa msiba kwa watu wa Kyaka na Mutukula, Memphis kilikuwa vazi.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani kama mtu wa Memphis alilijua. Kamala ni jina la watu, na liko Kagera. Mmoja wao, Diodorus Kamala, alikuwa Mbunge wa Nkenge na Waziri wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Nkenge iko Misenyi, eneo lilelile ambalo Amin alilivamia. Kwa hiyo jina walilompa "mlinzi wa Amin" ni jina ambalo huku kwetu unaweza kulikuta kwa familia zilizomkimbia Amin. Historia wakati mwingine ina ukatili wa aina hii, haikusudii lakini inauma.

Turudi ulingoni, maana kazi ya Kamala ilikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo ndizo zinazosema mengi. Kanuni ya kwanza: haruhusiwi kuzungumza. Ananguruma, anapiga kelele, anajipiga makofi tumboni. Kanuni ya pili: haelewi mchezo. Akishamwangusha mpinzani anamlalia vibaya, kifudifudi, na mwamuzi hawezi kuhesabu mpaka mtu amwelekeze. Na huyo wa kumwelekeza ndiye kanuni ya tatu: msimamizi aliyeitwa Kim Chee, amefunika uso, amevaa nguo za safari za kaki na ile kofia ngumu ya mkoloni. Mzungu wa kofia anaongoza njia, Mwafrika wa mkuki anafuata nyuma. Mtu yeyote aliyewahi kuona picha za zamani za maofisa wa Kijerumani au Kiingereza wakipita na wapagazi Ufipa ameshaiona picha hii. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru wake zaidi ya miaka 20 iliyopita, lakini kwenye ulingo wa Marekani bwana shauri alikuwa bado hajarudi kwao.

Na ilifanya kazi, jamani. Harris alikuwa na urefu wa karibu mita mbili na uzito uliopita kilo 150, na kwa mtu wa mwili ule alikuwa mwepesi. Alipambana na Andre the Giant, alipambana na Hulk Hogan wakati Hogan ndiye jina kubwa kuliko yote. Mwaka 1992 alikuwa Wembley, London, mbele ya watu wapatao 80,000, akipambana na Undertaker katika SummerSlam. Novemba mwaka huohuo wakarudiana katika pambano la jeneza: anayeshindwa anafungiwa ndani. Aliyefungiwa ni Kamala. Watoto waliokuja kuitazama mieleka hii kwenye vibanda vya video vya mitaani huku kwetu, kanda ikiwa imekwaruzika mpaka rangi zimechanganyika, wanamkumbuka Undertaker kwa jina. Yule aliyewekwa kwenye jeneza walimwita tu "yule Mwafrika".

Harris mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kwa usiku ule wa Wembley alilipwa dola 13,000, na kwamba aliamini mwenzake alipata mara nyingi zaidi ya hapo. Ukiisoma habari hiyo, mkumbuke yule mtoto wa mkulima wa kugawana mavuno. Jembe limebadilika, shamba limebadilika. Kalamu bado iko kwa mwenye shamba.

Halafu ukaja mwaka 1993, na kwangu hiki ndicho kipande kizito kuliko vyote. Waandishi wa maigizo ya ulingoni waliamua sasa Kamala awe mtu mwema. Wakamletea Slick, mtu Mweusi aliyeigiza mchungaji, ambaye kazi yake ilikuwa kumshawishi Kamala kwamba yeye si mnyama wala kitu, ni mtu. Wakaonyeshwa pamoja, Slick akimfundisha mambo ya "kistaarabu", ikiwemo ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha vigingi. Ilikusudiwa watu wacheke, na walicheka.

Mwaka 1968, katika mji uleule wa Memphis ambako Kamala alibuniwa, wazoa taka Weusi waligoma. Waliandamana wamebeba mabango yenye maneno machache tu: mimi ni mtu. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na akauawa palepale tarehe 4 Aprili. James Harris alikuwa anakaribia miaka 18, na kwao hakukuwa mbali na hapo. Miaka 25 baadaye, mtu huyohuyo anasimama mbele ya kamera, mtu mzima, baba wa watoto, anafundishwa kwa vichekesho kwamba yeye ni mtu. Sijui kama kuna mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kupanga mambo namna hiyo.

Najua jibu la wapenzi wa mieleka. Watasema ule ni mchezo, na kila mtu pale anavaa sura. Nikolai Volkoff, "Mrusi" aliyewaudhi Wamarekani kwa kuimba wimbo wa taifa wa Kisovieti, alitoka Yugoslavia. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba Harris hakulazimishwa kwa mtutu, na kwamba Kamala alimlisha kuliko Sugar Bear alivyowahi kumlisha. Sitaki kumwonea kwa kumfanya mjinga. Alijua anachouza.

Lakini tazama tofauti. Kinshasa kuna mieleka, wao huiita catch, na wapiganaji kama Edingwe wamejijengea jina kwa kuingia ulingoni na dawa: mpinzani anaguswa kwa mbali, anaanguka, anatetemeka, uwanja unalipuka. Uchawi upo kwenye onyesho lile kuliko ulivyowahi kuwepo kwa Kamala. Ila wanaocheka ni Wakongo, wanamcheka Mkongo mwenzao, na wote wanajua kesho asubuhi atapanda daladala moja nao. Uganda penyewe sasa kuna vijana wa Mukono, Soft Ground Wrestling, wanaopigana kwenye ulingo wa matope na picha zao zimeenea dunia nzima. Wale wanazungumza. Tena wanazungumza sana! Kuvaa sura si kosa. Swali ni nani ameishona, na ukiivaa, je, unaruhusiwa kufungua mdomo?

Hapo lazima tujitazame na sisi. Maana Mfipa naye ameshajifunza kuivaa ile sura ya radi pale inapomfaa. Mdeni akisumbua, unamkumbusha kwa utani kwamba wewe ni wa Sumbawanga, na hela inatoka. Tunacheka, inalipa kidogo. Lakini gharama yake haimwangukii anayetania. Katika nchi hii wapo wazee, wengi wao wanawake, waliouawa kwa kushukiwa tu kuwa wachawi. Kila tunapouza utani ule tunanunua pia imani iliyo nyuma yake, na bili inapelekwa kwa bibi wa watu ambaye hata hajui kwamba tulitania.

Na sura ikishakaa sana inafunika kilichopo. Ufipa kuna matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu, mengine bado yamesimama porini. Yalijengwa ili hewa ijivute yenyewe kutoka chini kwenda juu, bila mtu kupuliza mivukuto. Hiyo ni elimu, ilifanyika hapa, na watu wa hapa waliiendesha kwa vizazi. Ni wangapi kati ya wanaotuuliza habari za radi wamewahi kuuliza habari za chuma? Na sisi tunaojibu, ni wangapi tungeweza kueleza?

Harris baada ya ulingo mkubwa alirudi kuendesha malori. Kisukari kilikuwa kimeshamwingia. Mwaka 2011 akakatwa mguu wa kushoto, mwaka 2012 wa kulia. Miguu iliyokuwa imezoeleka ikiwa pekupeku mbele ya maelfu ya watu ikawa haipo. Akiwa amekaa, akaanza kutengeneza viti vya mbao na kuviuza. Akatoa pia kitabu cha maisha yake, Kamala Speaks, jina ambalo maana yake ni kwamba Kamala anazungumza. Kwa mtu aliyetakiwa kunguruma tu kwa miaka yote ile, hilo si jina la mzaha.

Alifariki dunia tarehe 9 Agosti 2020, akiwa na miaka 70, baada ya kupata korona. Alifia Mississippi, kwao. Hakuna aliyemwigizia kitu siku hizo za mwisho, na hakukuwa na msimamizi wa kofia. Kulikuwa na fundi mmoja, na mahali fulani Marekani kuna watu ambao hadi leo wanakalia viti vyake.