Barafu Juu ya Mafia

Juu ya kisiwa chetu kuna barafu. Ukisimama bandarini Kilindoni saa nane mchana mwezi wa Aprili, shati limekunatia mgongoni kwa jasho, maji ya mawinguni yanaanza kuganda kiasi cha kilomita 5 tu juu ya utosi wako. Kutoka hapo kwenda Utende ni mbali zaidi. Wingu la masika likishavuka kimo hicho, matone yake huanza kugeuka fuwele, na kilele chake kikifika kilomita 15 kipimajoto kingesoma nyuzi 70 chini ya sifuri, au chini zaidi. Mvua nyingi kubwa zinazoangusha minazi yetu zilianza safari zikiwa barafu.

Niliwafundisha hayo wanafunzi wa sekondari hapa Mafia kwa miaka mingi, na kila mwaka alitokea mmoja wa kuniuliza: Mwalimu, nani aliyepanda akaiona? Nililipenda swali hilo, kwa sababu jibu lake lina historia, na historia hiyo imepita karibu na mlango wetu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Aliyepanda yupo. Anaitwa Arthur Berson. Tarehe 31 Julai 1901 yeye na mwenzake Reinhard Süring walipanda kutoka Berlin ndani ya kikapu cha wazi kilichoning'inia chini ya puto, wakafika mita 10,800. Walipoteza fahamu wote wawili kwa kukosa hewa, wakashuka salama. Miaka 7 baadaye, mwaka 1908, Berson huyohuyo aliongoza msafara wa kupima anga ya juu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wakati huo Mafia ilikuwa imeshakuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1890, na serikali yao ilikaa Chole. Kilindoni ilipewa makao makuu mwaka 1913. Berson hakupanda mwenyewe safari hii. Alirusha tiara na maputo yaliyobeba vipimo, hasa juu ya Ziwa Viktoria. Karatasi za vipimo hivyo zilionyesha kwamba juu sana, karibu na Ikweta, hewa ina baridi ya zaidi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ulaya haikuwa imezoea kuona baridi ya namna hiyo juu yake. Tuliokuwa tukihesabiwa kuwa watu wa nchi ya joto ndio tuliokuwa na paa la baridi kali zaidi.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakasafisha uwanja, wakaleta ndege ndogo za kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai mwaka huo mizinga iliyoelekezwa na marubani hao iliimaliza. Vita hiyo imeandikwa sana, mimi naipita. Nataka tu isahaulike kidogo habari ya mizinga, ikumbukwe kwamba watu wa kwanza kuruka kutoka ardhi ya Mafia waliruka ili kutazama, na kwamba joto letu lilizichosha ndege zao hata zikashindwa kupanda ipasavyo. Walibaki chini kabisa ya mahali barafu inapoanzia.

Kutazama anga, hata hivyo, hakukuanzia kwa hao. Babu mzaa mama alikuwa nahodha wa Jibondo, akivusha boriti za Rufiji na mbata za Mafia kwenda Dar es Salaam na Unguja. Siku za mwaka alizihesabu kuanzia Nairuzi, kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, kama walivyohesabu manahodha wa pwani yote. Kabla ya kutweka tanga aliyatazama mawingu membamba ya juu kabisa, yale yanayokwenda upande mmoja huku upepo wa chini ukivuma upande mwingine. Hakujua kwamba yale ni barafu tupu. Lakini alikuwa na tabia niliyoielewa thamani yake nilipokuwa mtu mzima: alitamka utabiri wake barazani mbele ya watu, na chombo kikirudi alikaa pale pale na kusema wapi alipatia na wapi alikosa. Mabaharia waliokaa kimya baada ya kukosea hakuwaheshimu.

Kosa katika bahari hii ni ghali. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliifagia mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo vya Sultani Barghash bandarini. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1929, Waingereza walianzisha huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki yenye makao yake Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na yake, nasi leo tuna Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Kwa muda mrefu kazi kubwa ilikuwa kipimamvua, kipimaupepo, na jicho la mtu anayeandika kwamba leo anga imefunikwa sehemu kadhaa kati ya nane. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, iliporushwa Aprili 1960, ikawa inawezekana kuyaona mawingu kutoka juu. Ila picha ya setilaiti huonyesha ngozi ya wingu. Ndani mna nini, barafu kiasi gani, fuwele kubwa au ndogo, picha haisemi.

Hapo ndipo modeli zilipokwama. Modeli ya hali ya hewa huigawa anga katika visanduku vingi mno, na katika kila kisanduku kompyuta hukokotoa upepo, joto, mvuke na barafu. Maji yakiganda hutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi; barafu iliyotandaa juu huzuia joto la ardhi lisitoroke usiku. Ukikosea barafu umekosea nguvu ya dhoruba. Na bila kipimo hakuna wa kukusahihisha. Mwaka 2009 Duane Waliser na wenzake walizipanga pamoja modeli kubwa za tabianchi za dunia wakakuta kwamba kiasi cha barafu ya mawinguni kilitofautiana hadi mara 20 kati ya modeli na modeli. Mara 20! Wataalamu walewale waliokubaliana vizuri juu ya mvua inayofika chini hawakuwa wakikubaliana hata kidogo juu ya ilikotoka. Modeli inaweza kupatia mvua ya Jumanne kwa sababu zisizo za kweli, kisha ikakuangusha Ijumaa ukiwa katikati ya mlango wa Mafia.

Tarehe 28 Aprili 2006 roketi moja ilipaa kutoka Vandenberg, California, ikiwa na setilaiti mbili. CloudSat ilibeba rada ya mawingu yenye mawimbi ya milimita 3 hivi. Rada za mvua za nchi kavu hutumia mawimbi ya sentimita. CALIPSO ilibeba lida, chombo kinachotuma mwanga wa leza na kupima unaorudi. Zilizunguka kilomita 705 juu yetu, moja nyuma ya nyingine kwa sekunde chache, zikakata wingu lilelile kwa macho mawili.

Kwa nini mawili? Rada huvutwa mno na fuwele kubwa. Kipenyo cha fuwele ndogo kikiongezeka mara mbili, mwangwi wake wa rada huongezeka mara 64. Kwa hiyo fuwele chache kubwa humeza sauti ya maelfu ya fuwele ndogo, na wingu jembamba la juu, lile la babu, rada halioni kabisa. Lida hulipa eneo la fuwele uzito zaidi, kwa hiyo wingu hilo jembamba hulikamata vizuri, lakini ikikutana na wingu zito mwanga wake unakufa njiani. Aliyewahi kuvua usiku kwa taa atanielewa: ndani ya ghuba ya Chole mwanga unazama hadi matumbawe yanaonekana, na ukivuka upande wa maji ya tope ya Rufiji taa ileile haipiti hata pima moja. Pale ambapo vyombo vyote viwili vinaona, tofauti ya majibu yao ndiyo inayotoa ukubwa wa fuwele, na ukubwa ukijulikana uzito wa barafu hukokotoleka. Julien Delanoë na Robin Hogan, waliokuwa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ndio waliotengeneza njia ya kuyaunganisha majibu hayo pamoja na kipimo cha mionzi ya joto.

Mwaka 2011 wao na wenzao walitoa hukumu. Walichukua wiki 3 za mwisho za Julai 2006 dunia nzima, wakalinganisha barafu iliyopimwa na ile ya modeli mbili: ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, na ya Met Office ya Uingereza. Nimeisoma makala yao zaidi ya mara moja, na ninachokipenda ni kwamba haisifu wala haitukani. Umbo kubwa modeli zimelipata, wanasema. Lakini katika ukanda wetu wa tropiki, kati ya nyuzi 60 na 20 chini ya sifuri, modeli zinaweka mawingu ya barafu mara nyingi kuliko yalivyo. Na kwenye baridi kali zaidi zinayaweka machache mno. Modeli ya ECMWF iliyokuwa kazini ilikosea pia barafu iliyo karibu na kimo cha kuyeyukia, kwa sababu ya namna ilivyoihesabu theluji inayoanguka. Toleo jipya, lililoifuata theluji hiyo hatua kwa hatua, lilisogea karibu na ukweli. Hii ndiyo baraza ya babu, kwa kipimo cha dunia nzima: umetabiri, chombo kimerudi, sasa sema ulipokosa.

Lakini macho hayo yalikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilituhusu. Njia ya CloudSat ilikuwa nyembamba, kilomita moja na nusu hivi kwa upana, na iliirudia mistari yake baada ya siku 16. Kisiwa chenye urefu wa kama kilomita 50 kilikatwa mara chache, na dhoruba zake mara chache zaidi. Kisha Aprili 2011 betri yake iliharibika. Wahandisi waliiokoa kwa ustadi mkubwa, ila tangu hapo iliweza kupima mchana tu. Mtu wa pwani anajua maana yake. Mawingu ya baharini kwetu hupenda kukomaa usiku na alfajiri, tunaamka tumelowa na jua likipanda yanatawanyika. Rada ilipita baada ya adhuhuri.

CALIPSO ilizimwa tarehe 1 Agosti 2023. CloudSat ikafuata Desemba mwaka huohuo.

Jumamosi tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu Mafia.

Mrithi wao, EarthCARE wa shirika la anga la Ulaya na lile la Japani, alirushwa tarehe 28 Mei 2024, siku 24 baadaye. Kimbunga ambacho Tanzania itakikumbuka kwa miaka mingi kilipita juu ya paa zetu katika miezi michache ambayo hakukuwa na rada ya mawingu inayofanya kazi angani. Rada ya kupimia mvua kutoka angani ilikuwepo, inafanya kazi tangu 2014, lakini barafu nyembamba haiioni. TMA ina rada zake, ya kwanza Dar es Salaam, kisha Mwanza, na baadaye Mtwara, Kigoma na Mbeya. Mwali wa ile ya Dar es Salaam, kwa sababu dunia ni mviringo, ukifika Kilindoni umeshapanda kama kilomita 2, na kazi yake ni mvua.

TMA ilitimiza wajibu wake. Tahadhari zilitolewa mapema, vyombo vya kwenda Unguja vikasimamishwa, na hapa Mafia wavuvi walivuta mashua na ngalawa juu ya ufukwe kwa sababu waliyasikia matangazo wakayaamini. Hidaya kilipungua nguvu kilipotukaribia, kikaishia hapa. Upande wa Lindi maji yalikata barabara kuu. Duniani kote njia ya kimbunga hutabirika vyema kuliko nguvu yake, na kwa vimbunga vidogo vinavyozaliwa karibu na Ikweta ugumu huzidi. Kwa nini Hidaya kililegea pale kilipolegea? Sehemu ya jibu iko ndani ya barafu iliyokuwa juu yake siku zile, na barafu hiyo haikupimwa kwa rada ya mawingu. Haitapimwa tena. Hilo linaniuma, nami sioni sababu ya kulificha.

EarthCARE sasa inapita, kilomita 400 hivi juu yetu, rada na lida zikiwa katika chombo kimoja, mchana na usiku. Rada yake inafanya jambo ambalo hakuna rada ya mawingu ya angani iliyowahi kulifanya: inapima kasi ya fuwele zinavyoanguka na hewa inavyopanda. Ilijengwa kwa kazi ya miaka 3, na miaka hiyo inatimia Mei 2027. Huenda ikadumu zaidi. CloudSat ilikusudiwa miezi 22 ikadumu miaka 17. Lakini mrithi aandaliwe kabla mwenye kazi hajazimika, na katika vikao vya kuamua hayo nchi zinazopigwa na vimbunga ziwe na kauli. Nasi huku tuna la kufanya lisilongoja roketi: ratiba za kupita kwa EarthCARE zinajulikana, na vipimamvua si ghali. Shule za sekondari za Mafia, kuanzia Kilindoni hadi upande wa kaskazini wa Kirongwe, zikisoma vipimo kila saa setilaiti inapokatiza na kuvipeleka TMA, modeli zitakuwa na jambo la kulinganisha chini pia. Nimeshawaandikia walimu wenzangu. Wawili wamekubali kuanza masika yajayo.