Sindano ya Adrenalini na Mikono Yako

Leo tuangalie historia ya kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla.

Mama, unajua mtoto akikimbilia barabarani moyo wako unavyodunda? Hiyo ni kazi ya adrenalini, homoni itokayo kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Miaka ya 1894 na 1895, George Oliver na Edward Schäfer walionyesha huko London kwamba ute wa tezi hizo hupandisha presha ya damu. Mwaka wa 1901 Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyeishi Marekani, alitangaza kwamba ameipata homoni yenyewe ikiwa safi. Tangu hapo madaktari wakaanza kuidunga ili kuamsha moyo.

Homoni nyingine ya wakati wa shida ni kotisoli. Mwaka wa 1992 madaktari wa Ujerumani walichapisha vipimo vya damu ya watu waliosimama moyo. Waliozinduka walikuwa na kotisoli nyingi kuliko wale walioshindikana. Hii haimaanishi kotisoli ndiyo iliyowaokoa. Huenda ni dalili tu kwamba mwili ulikuwa bado unapigana.

Je, tukiongeza homoni kwa sindano, watu wengi zaidi watapona? Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka wa 2018 ulifuatilia wagonjwa 8,014. Kati ya kila 1,000 waliodungwa adrenalini, kama 32 walikuwa hai baada ya siku 30. Waliodungwa maji ya chumvi tu walikuwa kama 24. Lakini idadi ya waliopona na akili timamu haikutofautiana sana. Sindano iliamsha mioyo, lakini ubongo wa baadhi yao ulikuwa umekwisha kuumia kwa kukosa hewa.

Kwa hivyo, mama, dakika za kwanza ndizo zenye uzito, na dakika hizo daktari hayupo. Uko wewe. Mwaka wa 1960 huko Baltimore, Marekani, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walitangaza kwamba mikono mitupu ikikandamiza kifua inaweza kusukuma damu hadi kwenye ubongo.

Mtu mzima akianguka, haitikii na hapumui sawasawa, usimmwagie maji wala kumnywesha chochote. Mwambie jirani apige simu 999 au 112. Mlaze chali mahali pagumu. Weka mikono yako katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwingine akupokee. Mtoto huhitaji pia kupuliziwa pumzi, na namna ya kumkandamiza ni tofauti. Njoo kliniki tukuonyeshe.

Haba na haba hujaza kibaba. Kila mkandamizo ni tone la damu kwa ubongo.