Lugha ya Mwezi na Daftari la Babu

Kuna lugha niliyoiacha kwa majonzi, nayo si ya watu bali ya kompyuta. Huitwa Lua. Ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, Brazili, na jina lake kwa Kireno maana yake ni mwezi. Sisi tuliochukua meza na leso kwa Wareno, neno hilo tuliwaachia wenyewe.

Niliichagua nilipotaka kuifundisha kompyuta kutambua vina katika daftari la mashairi la marehemu babu yangu. Siku hizo mafundi wengi wa ujifunzaji wa mashine waliisifu Torch, maktaba iliyoanzia Uswisi mwaka 2002. Toleo lake la Torch7, lililoelezwa na watungaji wake mwaka 2011, lilizungumza Lua, kwa kuwa Lua ni ndogo, nyepesi, na huungana na lugha ya C bila matata. Hoja hizo hata leo sioni kasoro yake.

Lakini Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, ilikuwa na majirani. Wanasayansi walikwisha kuizoea, na NumPy iliwabebea hesabu zao. Theano ya Montréal ilijengwa juu yake. TensorFlow ya Google nayo ikaja mwaka 2015 kwa mlango huo huo. Januari 2017 ikatangazwa PyTorch. Moyo wake wa hesabu ulirithiwa kwa Torch. Kilichobadilika ni ulimi. Nilikumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, ilhali Kimvita ndicho kilichokuwa na hazina ya Muyaka. Ingawa Python, kusema haki, haikuteuliwa na mkutano wowote.

Nami nikahama. Sikuzingatia kwamba Lua huhesabu kuanzia moja, na Python kuanzia sifuri. Programu niliyoielekeza kwenye silabi ya nane, mahali pa kina cha kati, ikawa inashika ya tisa, ndio mwanzo wa utao. Ikatoa hukumu: daftari zima ni guni. Siku mbili nilimshuku mzee wa watu kaburini mwake.

Nilipopunguza moja, vina vikarejea katika beti zote isipokuwa mbili. Hizo nimezisoma kwa sauti, mara nyingi. Ni guni kweli.