Filamu Tano Fupi Zilipounganishwa Kuwa Moja

Tumezoea kufundishwa kwamba filamu fupi ni ngazi: unatengeneza ya dakika kumi, ukipata fedha unairefusha. Katika insha hii nachunguza filamu ya Kenya iliyorefuka kwa njia tofauti, Stories of Our Lives ya mwaka 2014. Hoja yangu ni kwamba urefu wake uligusa usalama wa watengenezaji kuliko ulivyogusa sanaa yao.

Kundi la wasanii la Nest Collective, Nairobi, lilianza kwa kukusanya masimulizi ya Wakenya wenye mapenzi ya jinsia moja. Baadhi ya masimulizi hayo yakageuzwa filamu fupi, muongozaji akiwa Jim Chuchu. Hatimaye filamu tano ziliunganishwa zikawa moja ya takriban saa nzima, yote katika rangi nyeusi na nyeupe, kwa gharama inayotajwa kuwa dola 15,000. Hakuna kisa kilichorefushwa. Kila kimoja kilibaki na wahusika wake na mwisho wake. Kwa msanii asiye na mfadhili mkubwa, naona huu ni utaratibu wa busara: kila kipande kinasimama chenyewe hata kama fedha za kingine hazikupatikana.

Hata hivyo, kuunganisha kulileta jambo jingine. Kwa kuhofia kukamatwa, watengenezaji walikuwa wameficha majina yao. Septemba 2014 filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Filamu la Toronto, Kanada, na huko watatu kati yao, Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi, wakaamua kujitaja hadharani. Mwezi uliofuata Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku, na Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni. Sheria iliyotumika, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru. Februari 2015 filamu hiyohiyo ilipewa tuzo ya Teddy ya majaji mjini Berlin.

Mtu anaweza kupinga kwamba kilichopigwa marufuku ni maudhui, na kwamba sheria haipimi dakika. Ni kweli. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotungwa tangu mwanzo kama filamu ndefu, nayo ilipigwa marufuku mwaka 2018, kabla ya Mahakama Kuu kuruhusu ioneshwe kwa siku saba. Lakini filamu fupi inaweza kuoneshwa sebuleni kwa marafiki bila kuombewa kibali. Hapa Mella, jirani na Malaba, tunaijua tofauti hiyo: lori husimama likaguliwe, flashi iliyo mfukoni huvuka bila kuulizwa. Filamu ndefu ni lori. Inahitaji ukumbi, tangazo, cheti na jina la mwenye mzigo.

Kwa hiyo, kabla mwenzangu hajaunganisha filamu zake fupi, namshauri akae na wenzake wote, waigizaji wakiwemo, waulizane ni nani yuko tayari jina lake lisomwe na bodi. Watatu wa Nest walijibu swali hilo wenyewe. Anayelijibu kwa niaba ya wengine anawaweka hatarini bila ridhaa yao.