Kuzidi kwa kalsiamu katika damu

Kuzidi kwa kalsiamu katika damu, au haipakalsemia, mara nyingi hutokana na tezi za parathairoidi zinazofanya kazi kupita kiasi, au na saratani.

Watu wengi wana parathairoidi nne, kila moja kama punje ya mchele, nyuma ya tezi ya thairoidi shingoni. Kalsiamu ikipungua hutoa homoni inayoichota mifupani, inayozuia figo zisiipoteze kwenye mkojo, na inayoamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi. Ikitosha, hunyamaza. Ugonjwa huanza pale tezi moja, kwa kawaida yenye uvimbe usio wa saratani, inapokataa kunyamaza. Maziwa na dagaa hayana lawama hapa. Anayeyaacha huendelea kuchotwa mifupa yake.

Wengi hawahisi lolote. Wengine hupata kiu, mkojo mwingi, kufunga choo, uchovu, huzuni, mawe kwenye figo au mifupa inayovunjika kirahisi. Kalsiamu ya kawaida ni takriban milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita, lakini kipimo hicho pekee hakitoshi. Kalsiamu ikipanda, homoni inapaswa kushuka. Isiposhuka, hata ikisomeka “kawaida”, parathairoidi ndizo za kushukiwa kwanza. Ikishuka, hutafutwa saratani au vitamini D iliyozidi. Katika figo zilizoshindwa kazi homoni hupanda pia, ila kalsiamu huwa ya chini au ya kawaida.

Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Sweden, alizieleza tezi hizi kwa binadamu mwaka 1880. Daktari Felix Mandl alifanikiwa kuondoa uvimbe wa tezi hizi kwa mgonjwa huko Vienna mwaka 1925. Nahodha Charles Martell wa Marekani hakuwa na bahati hiyo. Mifupa yake ililainika hata kimo kikapungua kwa zaidi ya sentimita 15. Alipasuliwa mara saba kuanzia 1926, na uvimbe ukaonekana mwaka 1932, kifuani, si shingoni. Alifariki wiki chache baadaye. Sababu ni kwamba parathairoidi za chini husafiri na tezi ya thaimasi mtoto akiwa tumboni, na baadhi hupitiliza hadi kifuani.

Siku hizi picha za mionzi husaidia kuitafuta tezi kabla ya upasuaji, ambao bado ndio tiba pekee ya kuponya. Wasiopasuliwa hupimwa damu, figo na mifupa mara kwa mara, na huhimizwa kunywa maji ya kutosha.