Mamba Ndani ya 61,741,120

Kuhesabiwa nchini Tanzania hakukuanza kwa hisani. Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898, kibanda kilichohesabiwa ndicho kilichotozwa, na mwenye kaya hakuwa na sababu ya kumwonyesha karani vibanda vyake vyote. Waingereza nao walifanya sensa zao, zikiwemo za 1948 na 1957. Baada ya uhuru zikafuata sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022.

Mamba, kata iliyo katika nchi ya Wapimbwe, iliingia sensa ya 2012 ikiwa ndani ya mkoa mchanga. Katavi ilikuwa imemegwa kutoka Rukwa mwaka huohuo. Mkoa mzima ulikutwa na watu 564,604. Miaka 10 baadaye, makarani wakiwa na vishikwambi badala ya makaratasi, walikuta 1,152,958. Ni zaidi ya mara mbili! Ongezeko hilo ni kama asilimia 7.1 kwa mwaka, ilhali la taifa lilikuwa 3.2. Uzazi peke yake hauwezi kufanya hivyo: wafugaji na wakulima, Wasukuma wengi miongoni mwao, walikuwa wakihamia kutafuta malisho na mashamba.

Tarehe 31 Oktoba 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jumla ya nchi: 61,741,120. Wengi tuliikata ikawa milioni 61.7, tukatupa sehemu tamu kuliko zote.

Ukiivunja namba hiyo katika vigawo tasa, unapata 2 ikizidishwa yenyewe mara sita, kisha mara 5, mara 7, mara 43, mara 641. Ile ya mwisho ina jina kubwa katika hisabati. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Hakuna aliyepanga 641 ijifiche katika idadi ya Watanzania. Ni sadfa tu, lakini sadfa inayofurahisha.

Namba ya Katavi ya 2022 ni kavu zaidi: 2 mara 19 mara 30,341, basi.

Waliohesabiwa ni waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Angeongezeka kichanga mmoja tu, tuseme pale Mamba, jumla ingekuwa 61,741,121, namba witiri. Na kwa kuwa namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, basi 2, 5, 7, 43 na 641 zote zingeondoka kwa mkupuo.

Mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia vigawo tasa asihangaike na vitabu vya mbali. Aandike 61,741,120 ubaoni, awaachie wanafunzi waivunje wenyewe.